Kozi Thelathini na Mbili

Kwa baba, kozi ni mstari wa tofali.
Kozi tisa, umefika kwenye lenta;
mbili tatu juu yake, waite mafundi wa kenchi.
Kwa hiyo nilipomwambia, simu ikikatakata,
kwamba chuo kinanidai kozi thelathini na mbili
kabla ya kunivisha joho,
alinyamaza akihesabu, kisha akasema:
"Hiyo ni ghorofa, Ndeonasia. Nondo mnazo?"

Nondo hatuna, baba.
Hapa Northfield, Minnesota, chuo chetu kidogo
hakina kitivo cha usanifu majengo.
Kina Profesa Tostrud,
mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi
na ofisi yenye joto la tanuri,
na fomu ya visanduku: mihula minane, kozi nne nne.
Alinipa penseli, si kalamu.
"Shahada yako," alisema, "tutaishona kwa viraka."

Tukashona.
Fizikia kwanza, maana paa halina huruma.
Kalkulasi. Uchoraji wa mkaa.
Historia ya makanisa ya mawe nisiyoyajua mlango.
Uchongaji, jioni, katika ghala lililokuwa zizi
na bado linanuka ng'ombe mvua ikinyesha.
Na falsafa. Hapo nikacheka.
Yeye hakucheka.
"Nani atakaa humo ndani," aliuliza,
"na nani atabaki nje? Hilo halimo kwenye fizikia."

Lakini studio ya majengo hufundishwa
mwaka huu ndiyo, mwaka ujao hapana,
Jumanne, saa saba mchana,
saa ileile ya Fizikia ya Pili.
Tukafuta. Tukapanga. Tukafuta tena
hadi karatasi ikaota manyoya pale mwaka wa tatu
na vumbi la raba likanijaa mapajani.
Nje theluji ilishaacha kuwa ajabu,
na kiwanda kando ya mto
kiliupulizia mji mzima harufu ya uji mtamu.

Sikumficha baba lililobaki:
nikimaliza, bado si msanifu.
Kuna miaka mitatu mingine, chuo kingine,
ada nyingine, ndipo mitihani ya leseni.
Kwangu ilikuwa asubuhi; kwake, Boma Ng'ombe,
jua likitua na yeye akinawa saruji.
Nilisikia maji kwenye ndoo.
"Yaani miaka minne, na hata choo hujajenga?"
"Hata choo."
"Sasa wanakufundisha nini?"

"Kutazama," nikasema,
na neno likaniaibisha lilipotoka,
jepesi kama tofali lisilonyweshwa maji.
Nilitaka kumkumbusha: nina miaka tisa,
ananifumba jicho moja kwa kidole chenye chokaa,
timazi inaning'inia mbele yetu, inatulia.
*Usiangalie ukuta. Angalia uzi.*
Yeye ndiye aliyeanza.
Mtandao ukakata.

Usiku akanitumia sauti, sekunde nne tu,
mbwa akibweka nyuma yake:
"Umeacha matundu ya jukwaa?"

Kesho yake nilirudisha fomu.
Visanduku thelathini na kimoja vimejaa.
Kimoja, muhula wa mwisho, cheupe.
Profesa akakigonga kwa ncha ya penseli.
Nikamweleza, kwa Kiingereza changu cha kokoto:
mwashi akipandisha ukuta huacha tundu,
hapo hupitisha mti wa kusimamia.
Huliziba mwisho kabisa, wakati wa kushuka,
maana kabla ya hapo hajui
atahitaji kusimama wapi.

Akavua miwani. Akaifuta kwa sweta, akaivaa.
"Na akisahau kuliziba?"

"Basi shomoro hujenga."